Uzi: Masika haya Pemba, tusome taarifa ya mvua pamoja na tarehe ya mwezi

#1 MtuWaBondeni (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajamvi, hasa nyinyi mlioko mashamba, kuanzia Konde mpaka Kengeja.

Masika yameshika. Kila siku kwenye makundi ya simu inapita picha ya ramani yenye rangi, mtu anaandika "tuombe dua", wa pili anaitika "amin", halafu basi. Dua ni haki yetu na tuiombe. Ila kuna jambo silioni likisemwa, na kwa sisi wa mabondeni ndilo linaloamua kama tutalala au tutakesha. Kwetu Pemba mafuriko hayaletwi na mvua peke yake. Yanaletwa na mvua iliyokutana na bamvua, yale maji makubwa ya bahari ya mwezi mpya na mwezi mpevu.

Sisi si Rufiji. Hatuna mto mkubwa unaojaa siku kadhaa kutoka mbali hadi watu wapate muda wa kuhama. Kisiwa chetu ni vilima na mabonde, kila bonde na kijito chake, na kila kijito kinaishia mikokoni. Safari ya maji kutoka kilimani mpaka baharini ni fupi mno. Mvua ikinyesha kwa nguvu juu, muda si mrefu maji yako chini kwenye mpunga. Bahari ikiwa imekupwa yanatoka, na mambo yanakwisha. Ikiwa imejaa yanakwenda wapi?

Tufanye hesabu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inahesabu mvua kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ina mita za mraba zaidi ya 4,000, kwa hiyo mvua ya milimita 50 inaishushia ekari moja lita laki mbili. Bonde la kawaida tu lenye ekari 300 za miteremko juu yake linapokea lita milioni 60. Mengine yatanyonywa na ardhi, lakini masika yakishachachamaa ardhi inakuwa imeshiba, na kinachobaki chote kinateremka kuitafuta njia moja, kwenye kalvati moja, kwenda bahari moja.

Sasa iangalieni hiyo bahari. Siku za mwezi muandamo na za mwezi kumi na tano (nahesabu siku tangu mwezi uandame), na hasa siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa katika maji yetu inafika karibu mita nne. Na kwetu maji ya bamvua yanajaa saa kumi, saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Muda wa saa mbili kabla na saa mbili baada ya hapo, midomo ya vijito vyetu vingi inakuwa imezibwa na bahari. Mvua kubwa ikipiga usiku wa manane wakati wa bamvua, maji ya kilimani yanafika bondeni na kukuta mlango umefungwa. Yanarudi nyuma, yanapanda, na watu wamelala.

Kuna la kuzidi hapo. Mabamvua makubwa kuliko yote ya mwaka yanatokea Machi na Aprili, halafu tena Septemba na Oktoba. Hayo ya mwanzo yanaangukia masika yanapoingia, mvua kubwa na bahari kubwa kwa wakati mmoja, na hivyo ndivyo ulivyo mwaka wetu kila mwaka.

Mnaikumbuka Hidaya. Tarehe 3 na 4 Mei 2024 kimbunga kile kilipokaribia pwani yetu, boti za Dar na Unguja zilisimama na watu walikaa roho mkononi. Kilipungua nguvu kikiwa upande wa Mafia, alhamdulillahi. Lakini tazameni kalenda: robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa tarehe 1 Mei, na mwezi mpya ukaja tarehe 8. Maana yake zile siku mbili za hofu bahari ilikuwa kwenye maji mafu, yaani haijai sana. Kingechelewa wiki moja kingekuta bamvua. Siku zile sikumsikia mtu akilitaja hilo.

Ninachoomba ni kidogo. Taarifa ya TMA ikifika, kila mtu aulize la pili: leo mwezi ngapi? Angalizo la rangi ya njano likiangukia mwezi mbili au mwezi kumi na saba, sisi wa bondeni tulichukulie kama rangi ya machungwa, iliyo kali zaidi. Na ikitoka ya machungwa katika siku hizo, watoto na wazee wahamie nyumba za juu tangu magharibi, wasingoje alfajiri.

La mwisho, makalvati. Njia yetu ya shamba inakatiza bonde juu ya mabomba mawili ya zege. Nenda leo ukaangalie la upande wa kulia. Mdomo umejaa makuti, vigogo vya migomba, chupa za plastiki na nepi, na matope yameganda mpaka majani yameota juu yake. Maji yote yanapita bomba moja, na yakizidi yanapanda juu ya njia. Kwa juu njia unaiona nzima, kumbe chini ya ukingo udongo umeshaliwa na imebaki ganda. Gari la abiria linapita hapo kila siku, na watoto wa skuli pia. Je, kwenu kukoje?

#2 NahodhaMstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu. Umesema kweli, nami nitakuongezea kidogo kwa vile nimekulia baharini.

Bamvua halina nguvu sawa siku zote. Mwezi kumi na tano wenyewe maji bado yanapanda ngazi, makubwa ni mwezi kumi na sita na kumi na saba. Vivyo hivyo mwezi muandamo, ukubwa wake ni mwezi mbili na tatu. Baada ya hapo maji yanachelewa kila siku kwa kiasi cha dakika hamsini, na yanapungua. Ukifika mwezi nane au tisa, na ishirini na tatu hivi, ni maji mafu. Hapo yanajaa kwenye saa nne na hayafiki mbali. Mvua ya siku hizo, hata ikiwa kubwa, hupata pa kutokea.

La pili ni upepo. Aprili kusi linaanza kuingia. Kusi likivuma kwa nguvu siku mbili tatu mfululizo, bahari inasukumwa kwenye mahori, ile mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, yanayoelekea kusini, na maji hujaa kuliko kalenda inavyosema. Kwa hiyo msitazame mwezi peke yake, tokeni nje mhisi na upepo. Vijana wa siku hizi mna kila kitu kwenye simu, ila wavuvi wa mtaani kwenu mnawapita barazani bila ya kuwauliza. Waulizeni, watakwambieni maji ya leo yatafika wapi.

#3 KijanaWaChake

Mimi nina neno, na naomba msinielewe vibaya. TMA wanasema mvua kubwa, tunajitayarisha, jua linawaka. Watu wamechoka. Mama yangu alihamisha mpunga wa akiba kwa jirani wa juu, mara mbili, na mvua haikuja. Ya tatu hatahama.

#4 MtuWaBondeni

@KijanaWaChake, mfikishie mama salamu, na uchovu wake nauelewa. Ila soma vizuri jinsi taarifa zinavyoandikwa. Wanasema "baadhi ya maeneo", wanataja Unguja na Pemba pamoja na mikoa ya pwani, na wanaweka kiwango cha uwezekano na kiwango cha athari. Uwezekano wa wastani hauahidi kwamba mvua itanyesha juu ya paa lenu. Wingu la masika linaweza kuipiga Konde likaiacha Mkoani kavu, na wote tumo katika taarifa ile ile.

Ndiyo maana naitaka hii tarehe ya mwezi. Itampunguzia mama safari. Angalizo la maji mafu si lazima ahamishe mpunga, atosheke na kuuinua juu ya dari na kusafisha mtaro wa nyuma ya nyumba. Aiweke safari ya kuhama kwa siku ambazo mvua na bahari zimekutana, na hizo ni chache. Ukimwita mtu kwa kila wingu atachoka, na siku yenyewe ikifika hutampata.

#5 MamaMpunga

Nyote mnazungumzia nyumba. Mimi nizungumzie shamba, maana shamba ndilo nyumba.

Bonde letu linapakana na mikoko. Kati yetu na bahari kuna tuta la udongo lililopigwa na wazee wetu kwa majembe. Hofu yetu si maji ya mvua. Mpunga unakaa ndani ya maji ya mvua, ukizama mzima siku chache unaweza kusimama tena. Hofu yetu ni maji yakijaa bondeni kwa ndani, tuta likalainika, halafu bamvua likalisukuma kwa nje. Likikatika upana wa mlango tu, chumvi inaingia, na ndani ya siku chache ncha za majani zinageuka rangi ya kutu. Hapo tena hakuna mavuno.

Hili si la bonde letu peke yetu. Serikali ilipofanya utafiti miaka ya nyuma ilihesabu maeneo 148 ya Zanzibar yaliyoingiwa na maji ya bahari, na 123 kati ya hayo yako Pemba. Sipwese wanalijua, Ukele wanalijua. Watu wameacha mashamba waliyorithi.

Wanawake wenzangu nawaambia hivi. Tuta likikatika kwenye bamvua, hesabuni siku. Bamvua jengine linakuja baada ya wiki mbili, na katikati mna siku za maji mafu ambazo bahari haifiki pale. Hizo ndizo siku za kuziba. Msingoje mradi wala kiongozi aje kutazama. Fito, magunia ya udongo, na vijana kumi wenye nguvu. Mkizikosa siku hizo, bamvua la pili litapanua mlango ukawa wa gari, na msimu umekwenda.

Na chumvi ikishaingia, msikate tamaa siku hiyo hiyo. Fungueni maji yatoke wakati wa kupwa, fungeni wakati wa kujaa, na mvua iacheni inyeshe shambani. Mvua hii hii tunayoiogopa ndiyo inayoiosha chumvi. Shamba la jirani yangu lilipona hivyo kwa msimu uliofuata, japo si lote.

#6 MtuWaBondeni

Mama, shukran sana, umelieleza bora kuliko nilivyoanza mimi. Hilo la kufungua kwenye kupwa na kufunga kwenye kujaa ningeomba kila kamati ya bonde ilishike. Mlango wa mbao kwenye tuta, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye zamu yake, unaweza kuokoa ekari nyingi.

#7 MweniWaMicheweni

Huku kwetu maweni hatuna mabonde hayo, watu wanadhani tumesalimika. Maji yanazama kwenye mawe, ukingoja saa moja uwanja mkavu. Lakini yanazama yakapita wapi? Choo cha shimo kiko pale, kisima kiko hapa, na katikati ni jiwe lenye matundu. Baada ya mvua kubwa maji ya kisima yanabadilika rangi, na watu wanayateka kwa sababu bomba halitoki. Mafuriko yetu hayaonekani kwa macho, tunayanywa.

#8 DadaWaZahanati

Nakushukuru @MweniWaMicheweni kwa kulitaja hilo, nilikuwa nalisubiri.

Kipindupindu cha 2015 na 2016 kiliwaumiza watu maelfu Zanzibar, na waliokufa walikuwa na majina na watoto. Sitaki turudi huko. Mvua kubwa ikishanyesha, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Hata kama kisima kinaonekana safi. Hata kama babu alikunywa miaka yote.

Mtu akianza kuharisha maji maji kama maji ya mchele, asikae nyumbani akingoja kupambazuka. Apewe ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, huku anapelekwa hospitali. Kama hamna pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi hapo. Anywe kidogo kidogo bila ya kuacha, hata kama anatapika. Mtoto mchanga aendelee kunyonyeshwa.

Na wajawazito waliokaribia. Kama njia yenu inakatika kila masika, mama mwenye tarehe za karibu ahamie kwa ndugu upande wa hospitali kabla ya bamvua, asingoje uchungu. Nimeshampokea mama aliyevushwa bondeni usiku juu ya mlango wa mbao uliobebwa na wanaume wanne. Alifika na mtoto yuko hai, alhamdulillahi, lakini maji yangepanda kiganja kimoja zaidi hadithi ingekuwa nyengine.

#9 MtotoWaKibondeMzungu

Wa Unguja nanyi nisikilizeni kidogo. Kwetu Fuoni, Kibonde Mzungu na Mwanakwerekwe shida ni tofauti. Bahari iko mbali. Maji yanakusanyika kwenye sehemu ya chini isiyokuwa na pa kutokea, na watu tumejenga mpaka ndani ya njia yake. Hesabu ya mwezi haitusaidii sana. Ila ya makalvati na mitaro ni ile ile.

#10 Mjenzi_Wete

Mimi nitasema ambalo wengi hawataki kulisikia. Watu wahame mabondeni. Tunajenga kwenye njia ya maji, kisha tunamlaumu sheha, tunailaumu serikali. Bonde ni la mpunga, kilima ni cha nyumba. Wazee wetu walijua.

#11 MamaMpunga

Mwanangu @Mjenzi_Wete, wazee walijua kwa sababu kilima kilikuwa na nafasi. Leo kilima kina mikarafuu ya mtu, na mwenyewe hauzi. Kijana anaoa, anapewa kipande alichonacho baba yake, nacho kiko bondeni. Unamwambia ahame aende wapi? Mwambie kwanza pa kwenda, ndipo umwambie ahame.

#12 Mjenzi_Wete

Mama nakuheshimu. Lakini mtoto akichukuliwa na maji hatutauliza kiwanja kilikuwa cha nani.

#13 MtuWaBondeni

Nyote wawili mna haki na sitaki tugombane hapa. Aliyekwisha kujenga hatumwondoi kwa maneno. Anayetaka kujenga mwaka huu tunaweza kumsaidia, na namna iko wazi. Baada ya mvua kubwa, nenda bondeni ukatafute takataka zilizonasa kwenye vichaka na kwenye magogo ya minazi: makuti, mabua, plastiki. Ule mstari ndio urefu maji yaliofika. Uweke alama kwa rangi au kwa panga. Usijenge chini yake, na ukijenga juu yake pandisha msingi wa mawe. Usiuanze ukuta wa udongo kwenye ardhi, maana ukuta wa udongo hauangushwi na kasi ya maji. Unalainika chini kimya kimya, na usiku wa pili unalala na watu ndani. Tahadhari hiyo iwe hata maji yakishaondoka: ukuta uliolowa msiuamini kabla haujakauka.

#14 MwalimuWaMkondoWaJioni

Nimeisoma ile saa kumi ya @MtuWaBondeni nikasimama. Skuli yetu ina mikondo miwili. Watoto wa mchana tunawaruhusu jioni, na siku za bamvua saa hizo maji yamejaa kabisa. Wale wa ng'ambo ya kijito wanavuka wakati mbaya kuliko wote wa siku, na wanavuka wakikimbia kwa kuwa wingu limefunga. Walipokuja walipita pakavu, kwa hiyo hawaogopi.

Maji ya kasi hayataki kina. Yanayopita kidogo juu ya kifundo cha mguu yanaweza kumwangusha mtu mzima, seuze mtoto wa darasa la pili mwenye mkoba mgongoni. Na yakiwa ya matope huoni shimo.

Nitalipeleka kwa mwalimu mkuu: siku ambazo kuna taarifa ya mvua kubwa na mwezi ni wa bamvua, watoto wa ng'ambo waruhusiwe mapema, saa nane, na wavushwe na mtu mzima. Wasioweza kuvuka wabaki kwa familia za upande wa skuli. Orodha ya nani atalala kwa nani iandikwe sasa, kabla ya siku yenyewe. Hili halihitaji fedha wala waraka wa mtu.

#15 NahodhaMstaafu

Mwalimu, Mungu akulipe. Wanangu wawili wa kaka yangu wanavuka kijito hicho hicho.

#16 Abuu_Tumbe

Lakini jamani, visiwa hivi vina baraka zake. Tufani hazitupati. Zinakwenda Msumbiji na Madagascar. Tusiwatie watu hofu.

#17 MtuWaBondeni

@Abuu_Tumbe, ni kweli vimbunga vingi vinapita kusini yetu, na sababu inajulikana: tuko karibu na mstari wa ikweta, na kimbunga kinapata shida kujizungusha huku. Lakini kupata shida si kushindwa. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu mashamba kwa mashamba. Pemba iliponea, na ndipo karafuu ya Pemba ikashika uongozi mpaka leo. Uchumi wetu wa karafuu ulikua kutokana na msiba wa wenzetu wa Unguja. Kwa hiyo tusiseme haziji. Na wala hatuhitaji tufani. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 hazikuwa tufani, na kila aliyekuwa mtu mzima wakati ule anazikumbuka.

#18 FundiUmeme_Mkoani

Neno fupi. Waya ukianguka kwenye maji, msikaribie hata kama taa zimezima mtaa mzima. Umeme unaweza kurudishwa wakati wowote. Zuieni njia kwa matawi pande zote mbili na piga simu ZECO, shirika la umeme. Na maji yakianza kuingia ndani ya nyumba, zima swichi kubwa ukiwa bado umesimama pakavu. Ukishakanyaga maji usiiguse.

#19 DadaWaZahanati

@FundiUmeme_Mkoani, ahsante. Hili tutalisoma kwenye kikao cha kina mama.

#20 MweniWaMicheweni

Nina swali. Haya yote mazuri, lakini bibi yangu hayumo humu. Hana simu ya kioo. Atayapata vipi?

#21 MtuWaBondeni

Swali hili ndilo lililokuwa linanisumbua. Taarifa inatoka TMA, inapita ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, na redio jamii, inashuka kwa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, wilaya, mpaka kwa sheha. Sheria ya maafa ya 2015 inataka kamati mpaka ngazi ya shehia. Kwenye karatasi njia imefika. Ila kutoka kwa sheha hadi kwa bibi yako bondeni kuna mwendo wa miguu, na mwendo huo ni wetu.

Tuna misikiti. Kila bonde linausikia msikiti mmoja angalau. Baada ya sala ya magharibi, siku ya taarifa, imamu au muadhini aseme maneno mawili kwa kipaza sauti: mvua kubwa inatarajiwa, na leo mwezi ngapi. Mwezi kila mzee anaujua, hahitaji kufundishwa. Bibi akisikia "mvua kubwa, na mwezi kumi na saba", ataelewa mwenyewe, na atafunga kitambaa chake aende kwa mwanawe wa juu. Tungempelekea milimita asingehama.

Redio Jamii Micheweni nao wanasikilizwa na wavuvi na wakulima huko. Kama yumo humu mtu anayewajua watangazaji, awafikishie ombi: kila wanaposoma hali ya hewa, waongeze tarehe ya mwezi na saa ya maji kujaa. Sentensi moja tu.

#22 KijanaWaChake

Nimemsomea mama uzi huu. Amesema hiyo ya kutazama mwezi anaikubali, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa akifanya hivyo hivyo kabla ya kuinua mpunga. Amesema siku ya mvua na bamvua atahama.

#23 Mjenzi_Wete

Na mimi nina mashine ya kukatia magogo na kijana wa kazi. Hilo kalvati la kulia ulilolisema, tulifungue lini?

#24 MtuWaBondeni

Allah akujaalie kheri, kaka. Tumekubaliana na sheha iwe siku ya mwezi kumi na tatu. Siku hiyo maji yanakupwa kwenye saa tatu asubuhi, mdomo wa chini utakuwa mkavu na bamvua halijafika bado. Tuanze saa mbili upande wa bahari tupande juu, tusianze juu, maana takataka tutakazozisukuma zitaziba chini. Tukitoa tope tusilimwage kwenye ukingo, tulibebe mpaka pale tuta la kina MamaMpunga lilipolainika. Yeye ameshasema anahitaji udongo.

#25 MamaMpunga

Nahitaji, tena mwingi. Njooni na magunia matupu, ya mchele au ya saruji, yoyote. Majembe tunayo. Mikoko msikate hata mmoja, hiyo ndiyo inayolivunja nguvu bamvua kabla halijatufikia. Kina mama watapika uji na muhogo.

#26 MwalimuWaMkondoWaJioni

Nitaleta vijana wa darasa la juu baada ya kuomba ruhusa za wazazi. Watabeba magunia tu, majini hawaingii. Magunia mangapi yanatosha?

#27 MamaMpunga

Lete mia kwa kuanzia, mwalimu. Mia nyengine tutaongeza kabla ya mwezi kumi na sita.